Msingoje Studio, Filamu Yenu Iko Konza Tayari

Vijana wa Konza, tangu mpate akili mmekuwa mkiambiwa kuwa mji unakuja. Januari 2013, Rais Mwai Kibaki alipozindua ujenzi wa teknopolisi kwenye ekari 5,000 zilizokuwa za ranchi ya Malili, pale Machakos, Makueni na Kajiado zinapokaribiana, baadhi yenu mlikuwa mnabebwa mgongoni na wengine hamjazaliwa. Mmekua sambamba na mradi huo. Mmeona lami ikikata nyasi, kituo cha data cha taifa kikiwashwa, Chuo Kikuu Huria cha Kenya kikipewa hati yake Agosti 2023 na kuweka makao humo humo. Sasa katika mipango kuna pia mji wa midia ya kidijitali, unaotarajiwa kujengwa kwa mkono wa Korea Kusini, na wenye ndoto ya filamu wameanza kusema: subirini studio zije, ndipo tutaonyesha maajabu.

Heri zije, tena zije upesi. Ila nyinyi msizingoje.

Filamu ninayoitamani kutoka Konza haihitaji studio. Haina roboti wala gari linalojiendesha. Inamhusu mvulana aliyeshindwa kumwambia msichana jambo moja dogo tangu muhula wa kwanza, na msichana ambaye kila akiingia darasani husikiliza kwanza kama kuna kicheko kinachochemka kwenye madawati ya nyuma. Ni filamu ya penzi la kwanza na ya hamu ya kukubalika na wenzako. Najua kuna mtu mzima ameshakunja uso. "Mapenzi? Hawa watoto wasome!" Nitamfikia huyo, asiondoke.

Kwanza twende mbali kidogo, hadi Scotland. Karibu na Glasgow kuna mji unaoitwa Cumbernauld. Haukuota taratibu kama miji mingine. Serikali iliuchora kwenye karatasi, ikautangaza kuwa mji mpya mwaka 1955, kisha familia zikahamia humo kutoka mitaa ya Glasgow iliyokuwa imefurika watu. Barabara zilikuwa pana, vivuko vya miguu vingi, nyumba za zege, na kila aliyekaa humo alikuwa mgeni wa jirani yake. Umechekwa sana mji ule, na mpaka leo wapo wanaoutaja kama mfano wa mipango iliyokosa moyo. Lakini mtajie mpenda filamu wa Uingereza jina la Cumbernauld, na huenda asikumbuke zege hata kidogo. Atakutajia Gregory's Girl, filamu ya Bill Forsyth iliyotoka mwaka 1981.

Gregory ni mvulana mrefu asiyejua aiweke wapi mikono yake. Anacheza mpira katika timu ya shule ambayo haijui kufunga. Kocha anaitisha majaribio ya wachezaji wapya, na anayewashinda wavulana wote ni msichana, Dorothy. Dorothy anapewa nafasi ya Gregory mbele, Gregory anasukumwa golini. Angeweza kukasirika. Badala yake anapenda, na anapenda vibaya: anajikwaa, anasema mambo ya kipuuzi, anakwenda kuomba ushauri kwa dada yake mdogo wa umri wa shule ya msingi, ambaye kwa mambo hayo ana akili mara tano kumzidi. Hakuna anayekufa katika filamu hiyo wala bunduki inayolia. Mwishowe hampati Dorothy. Wasichana wameshapanga jioni yake bila yeye kujua, wanampokezana mmoja baada ya mwingine hadi anaishia kwa Susan, aliyekuwa akimtazama siku zote huku yeye akitazama kwingine. Basi, ndiyo hadithi yote. Ikapata tuzo ya BAFTA ya mswada bora.

Mnachopaswa kukishika hapo ni namna ilivyozaliwa. Forsyth alikuwa na mswada wake mkononi na hakuna aliyetaka kumpa fedha. Hakukaa kibarazani kulaumu. Alikwenda kwa vijana wa kikundi cha maigizo cha Glasgow, akapiga nao kwanza filamu nyingine, That Sinking Feeling, iliyotoka 1979: vijana wasio na kazi wanaokula njama ya kuiba masinki ya jikoni. Iligharimu pauni elfu chache tu, kiasi ambacho watu wa sinema hukitumia kwa chakula. Baada ya hiyo kuonekana na kupendwa, milango ya ile nyingine ikafunguka. John Gordon Sinclair, aliyemwigiza Gregory, alitoka katika kikundi hicho hicho cha vijana. Yaani studio ilikuwa ni wale watoto wenyewe.

Mtu atasema hao ni Wazungu, wana serikali yao na fedha zao. Haya, turudi nyumbani.

Mwaka 2010 ilitoka Soul Boy, filamu ya takriban saa moja iliyopigwa Kibera, ikaongozwa na Hawa Essuman kwa mswada wa Billy Kahora. Abila ana miaka 14. Asubuhi moja anamkuta baba yake amekaa dukani kama gunia lisilo na nafaka, anasema roho yake imechukuliwa. Mtoto anakwenda kuitafuta, anapewa majaribu saba ayatimize, na anayemsindikiza vichochoroni ni Shiku, msichana asiyeogopa kitu. Abila ni Mjaluo, Shiku ni Mkikuyu, na filamu ilipigwa Kibera wakati majeraha ya ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 hayajakauka. Hakuna anayesimama kuhutubia kuhusu ukabila. Unaona tu watoto wawili wakitembea pamoja mahali ambapo watu wazima wamejifunza kutotembea pamoja, na unajua hilo lina bei gani. Ikapelekwa Rotterdam, Uholanzi, na watazamaji wa tamasha la huko wakaipigia kura hadi ikapata tuzo yao.

Soul Boy ilianzia kwenye warsha ambamo Tom Tykwer, mwongozaji wa Ujerumani, aliwakutanisha Wakenya waliokuwa wakijifunza kazi kwa vitendo. Baada yake, kupitia mafunzo ya Tykwer yaitwayo One Fine Day, zikafuata Nairobi Half Life mwaka 2012, Kati Kati ya Mbithi Masya mwaka 2016, na Supa Modo ya Likarion Wainaina mwaka 2018, ambamo kijiji kizima kinaacha shughuli zake ili kumpigia filamu msichana mgonjwa anayeota kuwa shujaa. Mnaona mnyororo huo? Kichwa chake ni mvulana wa miaka 14 na rafiki yake wa kike.

Mwaka huo huo wa 2018, Wanuri Kahiu alitoa Rafiki, hadithi ya wasichana wawili, Kena na Ziki, ambao baba zao wanashindana kwenye uchaguzi na wao wanapendana. Iliingia katika uteuzi rasmi wa Cannes, filamu ya kwanza ya Kenya kufika hapo. Bodi ya kuainisha filamu, KFCB, ikaipiga marufuku nyumbani. Septemba, Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku hiyo kwa siku saba, na Nairobi watu wakajaza ukumbi. Uwe na msimamo wowote kuhusu filamu ile, huwezi kukataa kuwa nchi nzima, kuanzia mahakamani hadi kwenye matatu, ilisimama kubishana juu ya penzi la kwanza la vijana wawili. Basi mtu asikwambie kuwa habari hii ni ya kitoto.

Sasa tuje Konza yenyewe, maana hapa ndipo mali ilipo.

Kabla ya teknopolisi kulikuwa na Konza ya reli. Kwa zaidi ya miaka 100 njia ya Magadi imekuwa ikichepuka hapa kutoka reli kuu ya Mombasa na Nairobi, ikienda kuchukua magadi bondeni. Mahali hapa pamezoea watu wenye mizigo wanaouliza njia. Upande mmoja kuna familia za Wakamba zilizohesabu mvua za nyanda hizi kwa vizazi, upande mwingine Wamaasai wanaovuka na ng'ombe kutoka Kajiado, na barabarani Malili kuna akina mama wanaokimbilia madirisha ya mabasi ya Mombasa wakiuza matunda. Juu ya hao wote sasa wamekuja mafundi, walinzi, wahandisi, wahadhiri na watoto wao. Kila mmoja anamtazama mwenzake akijiuliza ni nani mwenyeji hapa. Yule ambaye babu yake alilisha mbuzi pale palipo na uzio leo? Au yule mwenye kadi ya kupita getini?

Mchukueni msichana wa Malili ambaye mama yake huuza machungwa barabarani. Anajua hesabu kuliko darasa zima, lakini akijibu swali kwa Kiingereza kuna mtu nyuma anamwiga lafudhi. Mleteni mvulana aliyehamia kutoka Nairobi kwa kuwa baba yake amepata kazi teknopolisi. Sheng yake inachekesha, viatu vyake ni vya bei, na kundi la wavulana limempokea kwa sharti ambalo hakuna aliyelitamka: ucheke tunapocheka. Wanakutana kwenye kisima, au kwenye maktaba, au wakingoja mvua iishe chini ya mabati ya duka. Wanazungumza. Kwa wiki tatu dunia ni nyepesi. Halafu siku moja yuko na kundi barabarani, mama wa yule msichana anapita na beseni lake kichwani, kundi linacheka, na mvulana anacheka pia. Msichana amesimama ng'ambo ya barabara na ameona.

Hapo sihitaji hata kuwaandikia kitakachofuata. Kila mmoja wenu anakijua, kwa sababu amewahi kuwa mmoja wa hao.

Na hili ndilo ninalowataka mlishike kuliko yote: penzi la kwanza mara nyingi haliharibiwi na adui, linaharibiwa na marafiki. Penzi linakutaka usimame na mmoja, kundi linakutaka uyeyuke ndani ya wengi, na kijana wa miaka 15 anavutwa na vyote viwili kwa nguvu moja, siku hiyo hiyo. Filamu nyingi za ujana hukwepa hapo. Huleta baba mkali, huleta tajiri mwenye gari, huleta ugonjwa, ili lawama ipate pa kwenda. Filamu yenye fikra humwacha shujaa wake aone aibu yake mwenyewe. Mkithubutu kuipiga sekunde ile ya kicheko bila kuipamba, mmeshashinda nusu ya vipindi vya vijana tunavyoviona kwenye televisheni.

Halafu kuna fanki. Shule zetu nyingi za bweni zimewatenga wavulana na wasichana mwaka mzima, kisha zinawakutanisha Jumamosi moja, kwa saa chache, mwalimu wa zamu akizunguka katikati. Ndani ya saa hizo hofu zote za ujana hukusanyika: sare imepauka kwenye mabega, kisigino kimelika upande, sentensi uliyoikariri tangu Jumatano imeyeyuka, na rafiki yako mwenye maneno mengi ameshaketi karibu na yule uliyemwona wewe kwanza. Ni filamu nzima hiyo. Eneo moja, siku moja, nguo ambazo kila mtu anazo tayari. Ningekuwa na umri wenu ningeanza nayo.

Machakos imewahi kuota sinema. Alfred Mutua, gavana wa kwanza wa kaunti na mtu aliyewahi kutengeneza Cobra Squad ya televisheni, alileta Machawood akitaka kaunti hii iwe na jina katika filamu. Kwa maoni yangu kelele za jina hilo zilidumu kuliko filamu zake kichwani mwa watu, na sisemi hivyo kwa kubeza, maana kuota ni bora kuliko kulala tu. Lakini jina hupewa kitu ambacho tayari kipo. Nyinyi anzeni na kitu.

Haya, kazi.

Andikeni kurasa nane, si 80. Ukurasa mmoja wa mswada huenda ukawa dakika moja kwenye skrini, kwa hiyo kurasa nane ni filamu fupi kamili. Wahusika watatu wanatosha, maeneo mawili yanatosha. Kila mkiandika sentensi ambayo mhusika anaeleza anavyojisikia, ifuteni, mumpe kitu cha kufanya kwa mikono: apukuchue mahindi, afunge kamba ya ndoo, akunje daftari la mwenzake lililolowa. Mtu anayependa kwa mara ya kwanza hana maneno, ana mikono tu, na mikono hiyo inamsaliti.

Simu yenu inatosha kwa picha. Iwekeni katika hali ya ndege, la sivyo shangazi atapiga katikati ya tukio zuri kuliko yote. Ishikizeni kwenye kitu kisichotikisika, hata tofali mbili na kitambaa. Jua la Konza saa sita mchana ni adui: linachimba mashimo meusi chini ya macho na kuufanya uwanda wote uwe mweupe kama karatasi. Pigeni kuanzia jua linapochomoza hadi saa tatu asubuhi, mpumzike mle, mrudi saa kumi na nusu jioni, nyasi zinapokuwa na rangi na vivuli vinapokuwa virefu. Rangi hiyo ya jioni, na pundamilia wakiwa mbali kwenye nyanda za Kapiti, watu wa sinema kutoka nje huipandia ndege kuja kuipiga. Nyinyi mnaipata mkitoka shule.

Lakini sauti, jamani, sauti! Filamu za wanaoanza hufa kwa sauti kabla hazijafa kwa kitu kingine. Mtazamaji husamehe picha yenye ukungu, hasamehi maneno asiyoyasikia. Na Konza ina upepo usio na adabu. Tumieni maikrofoni ya waya wa kusikilizia, ifichwe kifuani chini ya shati, au simu ya pili iwekwe karibu na mdomo wa mwigizaji nje ya picha, imefunikwa kipande cha sufi au soksi safi. Pigeni makofi mara moja mwanzoni mwa kila tukio ili baadaye mlinganishe sauti na picha. Kabla hamjaondoka mahali, rekodini dakika moja ya ukimya wa hapo, mtauhitaji wakati wa kuhariri. Lori la Mombasa likipita, ngojeni lipite. Treni ikipita, msingoje, ipigeni.

Uhariri hauna sababu ya kuwatisha. Zipo programu za bure za simu, na mwenye kompyuta yenye nguvu atapata DaVinci Resolve ambayo toleo lake la bure linatosha kabisa. Muziki msiuibe. Nchi iliyomlea Kakai Kilonzo na gitaa lake haiwezi kukosa mtu kijijini anayejua nyuzi. Mwombeni apige peke yake, polepole, na mmwandike jina lake mwishoni.

Kuhusu lugha nina neno kali kidogo. Gregory's Girl ilipopelekwa Marekani, wasambazaji walidhani lafudhi ya Kiskoti itawashinda watazamaji, wakaitia sauti upya kwa lafudhi laini. Toleo ninalolitaka mimi ni lile la kwanza, ambalo watoto wanasema kama watoto wa kwao. Sasa nyinyi, kabla hata hamjapata msambazaji wa kuwalainisha, mnajilainisha wenyewe! Mhusika wa Konza anaanza kuzungumza kama anasoma taarifa ya habari. Acheni. Mama aseme Kikamba jikoni, wavulana waseme Sheng barabarani, Kiswahili kiwaunganishe, na Kimaasai kisikike pale kinapostahili. Wekeni maandishi chini ya picha kwa asiyeelewa. Namna mhusika anavyobadili lugha anapotoka kwa mama kwenda kwa kundi inaonyesha hamu yake ya kukubalika kuliko hotuba yoyote mtakayomwandikia.

Yafuateni pia mambo ya sheria, yasije yakawakata mkono mwishoni. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inataka leseni ya kupiga filamu na inataka KFCB iikague kabla ya kuonyeshwa hadharani. Bodi hiyo huainisha filamu kwa alama za GE, PG, 16 na 18. Penzi la kwanza linaweza kabisa kukaa katika GE, yaani ya watazamaji wote, na tena likawa zuri zaidi, kwa sababu uzito wake wote uko kwenye kutazamana na kuchelewa kusema. Hamhitaji busu. Mnahitaji mtu anayesahau kuvuka barabara. Wazazi wa kila mwigizaji wapewe mswada wausome na wakubali kabla kamera haijawashwa. Na kama mko shuleni, mlango rahisi kuliko yote ni Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu, ambalo limeipa filamu nafasi yake pamoja na michezo ya kuigiza, mashairi na ngoma. Mwalimu wenu wa drama anaujua utaratibu kuliko mimi.

Sasa yule mtu mzima aliyekunja uso. Mama, baba, mwalimu, shikamooni. Hofu yenu naielewa: mimba, kuacha shule, moyo kuvunjika wiki ya mtihani. Lakini tuseme ukweli baina yetu. Kunyamaza kwetu hakujamzuia kijana yeyote kupenda. Kumemwacha tu ajifunze kwa wenzake gizani na kwa video za simu ambazo hakuna mzazi aliyezitazama. Kijana anayeandika mswada kuhusu penzi la kwanza analazimika kujiuliza maswali ambayo sisi hatujawahi kumuuliza. Kwa nini huyu mvulana alicheka? Yule msichana alijisikiaje usiku ule? Angefanya nini tofauti? Atayajadili na wenzake kumi kabla ya kupiga picha moja. Mwaka 2009 ilipotengenezwa Shuga hapa Nairobi, tamthilia ya vijana na mapenzi iliyokusudiwa kuwafanya wazungumze kuhusu Virusi vya Ukimwi, nia yake ilikuwa hiyo hiyo: hadithi kwanza, mazungumzo baadaye. Mkiwapa watoto ruhusa ya Jumamosi mbili na darasa tupu, mtakuwa mmewapa malezi, na pengine mtasikia mambo ambayo mngeyasikia mkiwa mmechelewa.

Wewe kijana, najua kinachokuzuia, na si kamera. Unaogopa kuchekwa. Ukisema hadharani kuwa unatengeneza filamu ya mapenzi, watauliza ni nani huyo, watakutungia jina, litakushika mpaka kidato cha nne. Watacheka, sikudanganyi. Lakini hiyo ndiyo filamu yenyewe! Unataka kuandika juu ya kijana anayeogopa kundi, na kundi limekuja lenyewe bila nauli. Litazame vizuri, sikiliza linavyocheka, andika. Na wiki ya pili, ukiwa umeshika simu kwenye tofali zako mbili, utawaona wale wale wakizungukazunguka, wakijifanya wanapita tu, mpaka mmoja aulize kama kuna nafasi ya kuigiza. Mpe nafasi. Mpe ile ya anayecheka.

Usiseme hadithi yako ni ndogo. Wamekuja watu wengi kuielezea Konza kwa ramani, kwa ekari na kwa miaka ambayo kila mara inasogezwa mbele. Hakuna hata mmoja wao anayeweza kuelezea ilivyo kuwa na miaka 16 hapa, jioni, umbo la mji usiokamilika likiwa nyuma yako na mtu mmoja akitembea mbele yako ambaye ungependa ageuke. Hilo mnalijua nyinyi peke yenu, na mnalijua sasa. Mkifika miaka 30 mtalikumbuka vibaya, mtalitia sukari, mtasema ujana ulikuwa raha tupu.

Kwa hiyo likizo inayokuja msiilale. Wiki ya kwanza andikeni, ya pili fanyeni mazoezi na muwaone wazazi, ya tatu pigeni, inayobaki haririni. Vibali vikishapatikana, azimeni projekta ya kanisa au ya shule, tundikeni shuka jeupe kwenye ukuta wa duka, muwaite wazee wa reli, akina mama wa machungwa, wachungaji wa Kajiado na wahandisi wa teknopolisi wakae pamoja gizani kwa dakika nane. Mkishaweka tarehe, niambieni. Nitakuja na kiti changu.